Ngalawa: Chombo Kimoja, Asili Tatu

Aghalabu tunapotaja vyombo vya bahari vya pwani yetu, fahari huliendea jahazi. Jahazi ndilo lililochukua boriti za mikoko, nazi na nafaka; ndilo lililofuata kaskazi na kusi baina ya nchi na nchi; na ndilo linalochorwa katika vitabu na mabango kila pwani inapotajwa. Ngalawa haina bahati hiyo. Ingawa imejaa katika fukwe zetu, kuanzia kusini mwa pwani ya Kenya, ikapita Tanga, Unguja, Pemba, Mafia na Kilwa hata ikaingia kaskazi ya Msumbiji, na ng'ambo ya maji huko Visiwa vya Ngazija, hutajwa kwa kupitiwa tu, kama mtu atajavyo kinu na mchi. Huhesabiwa kuwa ni chombo cha mnyonge, kisicho na historia ya kuandikwa.

Sisi twaona vingine. Jahazi laeleza habari za biashara yetu na walimwengu; ngalawa yaeleza habari za akili yetu wenyewe. Katika mwili wake mdogo zimekutana asili tatu zilizotoka pande tatu za dunia, zikaunganishwa na mafundi wa pwani hii zikawa kitu kipya. Nasi twaona yafaa kulieleza jambo hilo sasa, maana magogo ya kuchongea yanazidi kuadimika, na swali lililo mbele yetu si dogo: gogo likiisha, je, na ngalawa imekwisha?

Natuanze na umbo lake. Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja uliotiwa matengo mawili, mlingoti mmoja na tanga moja la pembe tatu. Urefu wake kwa kawaida ni baina ya mita 5 na 7, na upana wa kiwiliwili chake haufiki mita 1. Mtu mzima aliyeketi ndani huweza kushika kuta zote mbili bila ya kunyoosha mikono. Mtumbwi mwembamba kiasi hicho ukisimamishiwa mlingoti peke yake utapinduka kabla tanga halijajaa upepo. Hapo ndipo matengo yanapofanya kazi. Miti miwili hukingamishwa juu ya mtumbwi, mmoja upande wa omo na mmoja upande wa tezi, ikatokeza nje kulia na kushoto. Katika ncha za miti hiyo, kila upande, hufungwa ubao mrefu mwembamba ulio sambamba na mtumbwi wenyewe.

Ubao huo ndio siri ya ngalawa. Haukusimamishwa wima wala haukulazwa bapa, umewekwa mshazari. Upepo unapouinamisha mtumbwi, ubao wa upande wa demanini hugusa maji, na kwa kuwa chombo kimo katika mwendo, ubao hupanda juu ya maji kama kigae anachokirusha mtoto ufukoni, ukakisukuma chombo kisimame. Kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo na msukumo huo unavyozidi. Ubao wa upande wa joshini nao huinuka hewani. Upepo ukizidi nguvu, baharia mmoja hutoka akaenda kukaa juu ya miti ya upande ule ulioinuka, na uzito wa mwili wake ukawa ndio wa kukiweka chombo sawa. Upepo ukilegea, hurudi ndani. Kwa namna hii ngalawa haihitaji mawe wala mchanga wa kuitia uzito tumboni, wala haihitaji mkuku mrefu wa kuizuia isilale. Ni nyepesi, na wepesi wake ndio salama yake.

Matengo hayo hayakupigiliwa misumari. Yamefungwa kwa kamba, zamani kamba za makumbi ya nazi, na siku hizi aghalabu za nailoni. Asiyejua huweza kudhani kwamba kamba zilitumika kwa kukosa chuma. Sivyo. Wimbi linapoinua upande mmoja na kuushusha mwingine, kila kiungo cha chombo hupindwa. Kamba hulegea kidogo kisha hurudi. Msumari haukubali kupindwa, na usipokatika wenyewe huupasua mti. Tena kilichofungwa hufunguliwa. Mvuvi huweza kuyavua matengo, akakarabati au akabadili mti mmoja uliooza, bila ya kuharibu mingine.

Sasa tuiangalie historia. Asili ya kwanza ya ngalawa ni mtumbwi, na huo ni wetu tangu kale. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa katika karne ya 1 na mtu aliyejua biashara ya bahari hii, chataja kwamba watu wa pwani ya Azania walikuwa na aina mbili za vyombo: vyombo vya kushonwa kwa kamba, na mitumbwi ya gogo moja waliyoitumia kuvulia samaki na kasa. Basi karibu miaka 2000 iliyopita mtumbwi wa kuchongwa ulikuwa tayari ni chombo cha kutafutia riziki katika maji haya haya. Walakini mwandishi yule, aliyekuwa mwangalifu wa mambo mengi, hakutaja matengo.

Asili ya pili, yaani matengo, ilitoka mbali sana. Katika bara zima la Afrika, matengo hupatikana katika pwani hii ya mashariki. Lakini ukivuka Bahari ya Hindi hadi visiwa vya Indonesia, utayakuta kila pahali, na kutoka huko yameenea hadi visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Mwingereza James Hornell, aliyechunguza vyombo vya bahari nyingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, aliona kwamba matengo ya Afrika ya Mashariki, ya Visiwa vya Ngazija na ya Bukini ni jamaa ya yale ya Indonesia, na kwamba yaliletwa na wasafiri waliotoka huko. Wataalamu wa lugha wakaleta ushahidi wao: mwaka 1951 Otto Christian Dahl wa Norwe alionyesha jinsi Kimalagasi, lugha ya Bukini, kinavyofanana na Kimaanyan kinachosemwa kusini mwa kisiwa cha Borneo. Mwaka 2016 wataalamu wa mambo ya kale nao walitangaza kwamba wamechimbua Bukini na Ngazija mabaki ya mimea iliyotoka Asia, kama vile mpunga na choroko, ya baina ya karne ya 8 na ya 10.

Hata wasafiri wa Kiislamu waliisikia habari ya wageni hao. Kitabu cha Maajabu ya Bara Hindi, kilichokusanywa katika karne ya 10 kwa jina la Buzurg bin Shahriyar, chasimulia kwamba mwaka 334 wa Hijra, yaani 945 au 946 wa Miladi, watu walioitwa Waqwaq walikuja kwa vyombo vingi mno kuushambulia mji wa Qanbalu, mji ambao wataalamu wengi wanadhani ulikuwa Pemba. Hesabu ya vyombo iliyotajwa, elfu moja, huenda ilikuzwa na wasimulizi. Lakini habari yenyewe yatuonyesha kwamba watu wa mashariki ya mbali walifika majini kwetu, wakati mwingine kwa shari. Na bila shaka wakati mwingine walifika kwa heri, maana vitu vilivyobaki si vya vita. Vilivyobaki ni mgomba, mnazi na matengo.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Baadhi ya wasomi wa zamani, kila walipoona jambo la werevu katika Afrika, walipenda kutafuta mgeni wa kumpa sifa yake, wakafunga kitabu. Habari ya matengo isifanywe hivyo. Katika Indonesia, tengo aghalabu ni mwanzi mnene au gogo jepesi linaloelea. Huzuia chombo kisipinduke kwa sababu halizami. Tengo la ngalawa ni ubao wa mshazari; huzuia chombo kisipinduke kwa sababu lapanda juu ya maji. Ni fikra mbili mbalimbali. Fundi wa pwani alilipokea wazo la mgeni, akalipima kwa upepo wake na kwa miti yake, kisha akaunda lake. Kupokea huko si unyonge. Mnyonge ni yule apokeaye asiongeze kitu.

Asili ya tatu ni tanga. Tanga la pembe tatu lililofungwa katika foromali ndefu ni urithi wa mabaharia wa magharibi ya Bahari ya Hindi, waliotufikia kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Mtepe wetu wa kale, uliojengwa kwa mbao za kushonwa, ulitweka tanga la mkeka la pembe nne. Ngalawa ilichukua tanga la jahazi ikalipunguza hadi kimo chake. Kitambaa chenyewe nacho kina historia. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na katika miaka iliyofuata nguo nzito ya pamba kutoka viwanda vya huko, iliyoitwa merikani, ikaenea pwani na bara. Iliyovaliwa mwilini ndiyo iliyotwekwa mlingotini. Siku hizi twaona matanga yaliyoshonwa kwa magunia ya plastiki yaliyokuwa na unga au sukari, maandishi ya viwanda yangali yakisomeka. Wapo wanaocheka. Sisi hatucheki, maana mtu huyo afanya lile lile alilofanya babu yake na merikani: achukua kilichoko sokoni, akakitia katika kazi ya bahari.

Asili hizi tatu zimo hata katika maneno. Mvuvi ashikapo kafi, neno lake ni la Kibantu, nalo lina ndugu zake katika lugha nyingi za bara, kwenye mito na maziwa. Ashikapo usukani, neno lake limetoka katika Kiarabu. Amwitapo mkubwa wa chombo nahodha, atumia neno la Kiajemi. Naye mwenyewe hana habari ya mpaka baina ya maneno hayo; kwake yote ni Kiswahili. Wanaotafuta Kiswahili safi kisicho na mchanganyiko, na wanaotafuta utamaduni safi usio na mchanganyiko, wangefanya vema kupanda ngalawa siku moja wakahesabu ni kitu gani kingebaki baada ya kutupa kila kilichotoka nje. Kingebaki gogo lisilo na tanga, nalo lingepinduka.

Tuje sasa kwenye uundaji. Mti uliopendwa zaidi ni mwembe. Ni mti mnene, unapatikana karibu na vijiji, mbao yake huchongeka bila ya kusumbua, na kila mwembe una mwenyewe wa kununuliwa kwake. Kwa hiyo ngalawa huanza na mapatano. Mwembe uliozeeka, ambao matunda yake yamepungua, hupata maisha ya pili majini. Fundi huutazama ungali umesimama: unene wake, unyofu wake, na upande upi utakuwa tumbo la chombo. Ukisha kuangushwa, hukatwa kwa shoka umbo la awali papo hapo ulipolala, ukachimbwa ndani kupunguzwa uzito. Kisha watu huitana wakauburura hadi ufukoni. Huko fundi humaliza kazi kwa tezo.

Wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Hapana pahali ambapo methali hiyo ina maana mbili zilizo wazi kuliko hapa. Kwa mwenye subira, bandu baada ya bandu gogo huwa chombo. Kwa mwenye pupa, bandu baada ya bandu gogo huisha kweli, maana ukuta wa mtumbwi ukichongwa kupita kiasi hakuna namna ya kuurudisha. Mwunda mashua akikosea ubao huubandua akatia mwingine. Mchonga gogo hana ubao wa pili. Jicho na kiganja ndivyo vipimo vyake. Elimu hiyo haikuandikwa katika karatasi, nayo ilipita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi kwa kutazama, kubeba zana na kukosolewa.

Chombo kikisha kuchongwa hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, ili mti usipasuke juani. Chini yake hutiwa mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Mara kwa mara hupandishwa pwani, makuti makavu yakawashwa chini yake, moto wa haraka usiounguza mti ila wenye kuua wadudu wanaotoboa. Kazi hii ni ndogo kwa kila siku, lakini asiyeifanya atakuwa na chujio badala ya chombo.

Baada ya umbo na uundaji, natueleze matumizi, kwa kuwa chombo hakieleweki ila katika kazi yake. Ngalawa ni chombo cha kutwa. Haina sitaha, haina jiko, haina pahali pa kulala wala ngama ya kutia shehena. Hiyo si kasoro, ndivyo ilivyokusudiwa. Pwani isiyokuwa na barafu, samaki aliyevuliwa leo sharti aliwe leo, au akaangwe, au akaushwe leo. Chombo kinachotoka alfajiri kikarudi alasiri ndicho kinachopatana na jiko, na soko, na wanawake wanaosubiri ufukoni kununua na kukaanga. Ukubwa wa ngalawa umepimwa kwa urefu wa mchana.

Upepo wenyewe ulisaidia mpango huo. Kabla ya jua kuchomoza, katika pwani ya bara huvuma umande, upepo mwanana utokao nchi kavu, ukaichukua ngalawa nje. Jua likipanda na nchi ikapata moto, upepo wa bahari huingia, na alasiri ukairudisha nyumbani. Juu ya pepo hizo za kila siku zipo pepo kuu za mwaka: kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, inayochafua bahari ya nje hata vyombo vidogo vikabaki ndani ya mwamba. Na juu ya yote yapo maji yenyewe. Unguja, wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Ghuba iliyokuwa kilindi asubuhi huwa uwanja wa mchanga adhuhuri. Chombo chenye mkuku mrefu hulala ubavu kikasubiri. Ngalawa hupita penye maji ya magotini, na maji yakiisha kabisa hukaa juu ya matengo yake kama mtu aliyeketi mkekani, hadi maji yarudi.

Kuiendesha dhidi ya upepo ni elimu nyingine. Mvuvi hawezi kwenda moja kwa moja kule upepo utokako. Hana budi kubisha, yaani kwenda mshazari upande huu kisha upande ule. Afikapo mwisho wa upande mmoja, hailazimishi omo kuukata upepo. Huiachia ngalawa izunguke hata upepo ukampita nyuma ya tezi, na wakati huo huo mwenzake akaipitisha foromali mbele ya mlingoti, tanga likahamia upande wa pili. Akichelewa, tanga humfunika. Akiharakisha, foromali humgonga mwenzake. Watu wawili au watatu walio katika ngalawa moja hawawezi kuwa na nia mbili. Na huenda ndiyo sababu mapatano ya ugawaji wa samaki yalikuwa wazi tangu zamani: fungu la kila mtu, fungu la chombo, na fungu la nyavu. Mwenye chombo ambaye hakwenda baharini hupata haki ya mti wake. Aliyekwenda hupata haki ya mikono yake.

Ajabu ni kwamba katika vyombo vya kale, kilichoheshimiwa zaidi ndicho kilichotoweka. Mtepe, uliokuwa mkubwa na wa kupendeza, ulibaki na mishono yake na tanga lake la mkeka, hata katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukatoweka majini. Mwanzoni mwa karne hii uliundwa mtepe wa mfano, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilibomoka. Tukio hilo lilikuwa msiba wa taifa. Lakini pia latufundisha kwamba kitu kilichobakia makumbushoni tu, uhai wake wategemea kuta. Ngalawa haikuhitaji jumba. Ilibaki kwa kuwa ilikuwa ikitumika, na ilikuwa ikitumika kwa kuwa ilikubali kubadilika: kamba ya makumbi ikawa nailoni, merikani ikawa gunia, na hakuna aliyesema kwamba si ngalawa tena.

Haikosi kusemwa, na ni lazima tuliseme kwa haki, kwamba ngalawa ni chombo cha mtu asiye na fedha. Wengi wanaoitumia wangependa mashua yenye injini, na hakuna haki ya kuwalaumu. Chombo kidogo hakifiki penye samaki wakubwa. Kusi ikichafuka hakitoki, na siku kisipotoka watoto hula ugali mtupu. Wako wavuvi waliotoka asubuhi wasirudi. Anayeketi ofisini akausifu umaskini wa mwenziwe kwa jina la utamaduni amekosa adabu. Kwa hiyo hatusemi mvuvi azuiwe kupata injini.

Tusemalo ni hili: asiyejua thamani ya kitu alicho nacho hukibadili kwa hasara. Baada ya uhuru, mipango ya maendeleo ya uvuvi ilielekea kwenye injini, na hilo lilikuwa na sababu zake. Kisha ikaja bei ya mafuta iliyopanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilipungukiwa na fedha za kigeni hata vipuri havikupatikana. Mashine nyingi zililala. Upepo haukupanda bei. Wakati ule samaki waliofika sokoni, wengi waliletwa na vyombo vya tanga na kafi, ambavyo havikuwa vimetiwa katika hesabu ya maendeleo. Hili si hoja dhidi ya mashine. Ni hoja dhidi ya kusahau.

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Miembe minene imekuwa haba, na iliyobaki ina bei. Kwa sababu hiyo katika miongo ya karibuni mafundi wengi wameanza kuunda ngalawa za mbao: mwili umepigiliwa mbao juu ya mataruma kama mashua, lakini wembamba ni ule ule, tanga ni lile lile, na matengo ni yale yale. Wapo wazee wanaoona kwamba hiyo ni ngalawa ya uongo. Twawaheshimu, lakini historia tuliyoieleza yaelekea upande mwingine. Mtumbwi wa gogo ulikuwapo kabla ya matengo, na haukuwa ngalawa. Kilichoufanya uwe ngalawa ni lile wazo la kuusimamisha mwili mwembamba kwa mabawa mawili na kuupa tanga. Maadam wazo hilo lipo, ngalawa ipo. Gogo likiisha, ngalawa haikuisha.

Kinachoweza kuisha ni kitu kingine. Fundi wa gogo akifa bila mwanafunzi, namna ya kuusoma mti uliosimama huzikwa naye. Na kadiri vijana wanavyoondoka baharini, ndivyo joshi na demani, kana na jarari, kubisha na kushua, yanavyokuwa maneno ya kamusi badala ya maneno ya kinywa. Sisi tutungao mashairi twajua jinsi ushairi wetu ulivyopata mifano yake baharini; msomaji asiyejua tezi na omo husoma nusu ya shairi. Lugha ya taifa haipungui kwa kupokea maneno mageni. Hupungua wenyewe wanapoacha kazi zilizoyazaa maneno yao, wasiweke kumbukumbu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, mafundi wa ngalawa walio hai katika kila wilaya ya pwani waandikwe majina na kusikilizwa, na maneno yao ya kazi yakusanywe pamoja na picha za kila kiungo, kila mahali kwa lahaja yake. Pili, shule za pwani ziifanye ngalawa kuwa somo: mwalimu wa hisabati na mwalimu wa sayansi hawatapata mfano bora wa mizani, pembe na msukumo wa maji kuliko huo ulio hatua mia kutoka darasani. Hali kadhalika mafunzo ya uvuvi, kama yale yanayotolewa Mbegani karibu na Bagamoyo, yampe nafasi fundi wa tezo kufundisha pamoja na fundi wa mashine. Tatu, ipandwe miembe, na vijiji viamue tangu sasa ipi itaachwa inenepe kwa ajili ya bahari.

Jambo hili la mwisho laweza kuonekana ni la mzaha, maana mwembe unaopandwa leo hautakuwa gogo la chombo ila baada ya miongo kadhaa, na anayeupanda hatapanda ngalawa yake. Lakini miembe tuliyoichonga sisi ilipandwa na watu waliojua hivyo hivyo.